Programu ya Ng'ambo

Kiwanda cha maziwa nilichofanyia kazi Kitale kilikuwa na programu ya kupimia maziwa, na kila mgeni aliambiwa imetoka ng'ambo. Haikuwahi kukwama. Siku tuliponunua mizani mpya, mwenyekiti wa kamati ya kiwanda aliniita niangalie kama itaelewana nayo. Nikaandika nm, amri fupi inayoonyesha majina ambayo mtengenezaji alizipa sehemu za programu yake. Yakashuka kwenye skrini: pima_kamabeele, jumlisha_kamabeele.

Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kamabeele si ni maziwa kwa Kibukusu?" akauliza. "Ati hii kitu ilitengenezwa Bungoma?"

Kufikia Ijumaa programu ilikuwa mbovu. Karani aliiona nzito. Dereva, ambaye hajawahi kuigusa, alisema aliishuku tangu mwanzo. Kamati ikanituma nitafute ya ng'ambo, na mimi, mzaliwa wa Mabanga kulekule Bungoma, nikaitikia kwa adabu huku masikio yakiniwaka kwa hasira.

Nilichukua programu ileile nikaipitisha kwenye strip, amri inayofuta majina hayo yote na kuiacha kazi yenyewe kama ilivyokuwa. Jumatatu nikairudisha. Mwenyekiti akataka kuona majina. Nikaandika nm, ikajibu kwamba hakuna.

Karani akapima mtungi wa kwanza.

"Unaona hiyo spidi?" mwenyekiti akaniambia. "Hii sasa, bana, ni kazi ya mzungu. Nyinyi watu wa Bungoma mbaki tu na miwa."