Mlango wa Pango

Usiku ule, katika juma la mwisho la Majilio, nililala nimenuna. Pango la Noeli lilikuwa halina paa. Shemeji yangu Leokadia, anayejua kuezeka kuliko sote katika jumuiya yetu, alitaka lijengwe kama msonge, nyumba ya nyasi ya wazee wetu, yenye mlango mfupi. Mimi mwenyekiti nikataka mlango mrefu wenye taa, parokia nzima itutazame. Nikamwambia mbele ya watu kwamba mwenyekiti ni mmoja. Akabeba nyasi zake akaenda zake, na wanawake wote nyuma yake.

Basi nikasinzia, nikajikuta migombani kwetu, mchana kweupe. Bibi mzaa baba, tuliyemzika zamani, anakuja mbio, miguu peku, anacheka. Nilifurahi nikataka kupiga kelele. Akanishika mkono akasema Mtoto amekwisha zaliwa, twende. Tukakimbia, mimi nahema, yeye wala.

Mara migomba haipo, tuko mbele ya msonge unaong'aa kwa ndani. Ngoma zinalia, watu wanaingia wakiinama. Anakuja jirani na mzigo wa kuni, anautua kwanza. Anakuja askofu, amevua kofia yake, ameibana kwapani kama kuku wa sadaka. Mimi naenda kifua mbele, paji la uso linagonga boriti. Narudi nyuma, najaribu tena, boriti ileile. Ndani namsikia mtoto akicheka, na roho inanitoka kwa hamu ya kumwona.

Nikalalamika kwamba mlango ni mfupi. Bibi, aliyekwisha ingia, akachungulia, akanitazama vile alivyonitazama utotoni nilipokataa kusalimia wakubwa.

"Aliye ndani amelala chini, mjukuu wangu. Wewe umesimama kumtafuta nani?"

Nikainama, nikaona nyasi, nikaona kidole kidogo cha mguu, na jogoo akawika.

Niliamka nalia na kucheka. Sikunawa hata uso. Nilikatiza migombani hadi kwa Leokadia, nikamkuta anafagia uani. Nikapiga magoti, mimi mwanamume na mwenyekiti, kama wanawake wetu wanavyosalimia. Ufagio ukamdondoka.

"Shemeji," nikasema, "nifundishe kuezeka."

Hakujua acheke au amwite mume wake. Kisha akaingia stoo, akatoka na mzigo wa nyasi, akanitwisha kichwani nikiwa bado nimepiga magoti.