Weye ni Nani Wake?

Mimi ni mwandishi wa riwaya, na najua hilo linaniharibia ushahidi. Jumamosi, sisi vijana wa Lubumbashi tunapokutana kusomeana tulichoandika, mtu akisema "hili lilinitokea kweli" tunamcheka. Basi nichekeni. Hili lilinitokea, mchana, katikati ya watu zaidi ya ishirini, nikiwa nimeshiba na sina homa. Laiti ningekuwa nimelitunga. Ningelitunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Msimu wa mvua uliopita rafiki yangu mmoja alikwenda kupiga filamu yake ya kwanza Pweto, kwenye Ziwa Mweru, na mimi ndiye niliyemwandikia maneno ya waigizaji. Filamu ilihitaji kilio. Kwetu Katanga kilio si machozi tu. Ni ua mzima wa wafiwa: wanawake chini kwenye mikeka, wanaume kwenye viti chini ya turubai, na picha ya marehemu juu ya meza. Tukiwa bado Lubumbashi tunajiandaa, fundi wa mapambo alichapa sura ya bibi fulani aliyemtoa kwenye simu. Alionekana kama tangazo la dawa ya meno. Rafiki yangu alikata tamaa. Mimi, kwa kiburi tu, nikasema, "Mie niko na mama wa kweli."

Niliyemtaja alikuwa mama yake mama yangu, yule tuliyemwita nkambo. Alizaliwa huko huko Pweto, akaolewa na mfanyakazi wa reli, akaletwa Lubumbashi, na hakurudi kwao tena. Nina jina lake. Kwetu mtu akikupa jina lake, mnaitana "majina," yeye na wewe sawasawa. "Majina, kuya kula," alikuwa akiniita, nami nikimjibu, "Niko nakuya, Majina." Hakuna mwingine duniani aliyeniita hivyo.

Picha yake ilikuwa moja tu. Ilitundikwa sebuleni kwa mama yangu, kwenye komini ya Annexe, pembezoni mwa mji: mwanamke ameketi, mikono magotini, kitambaa kichwani, anakutazama moja kwa moja. Niamini, utotoni hatukuthubutu kuiba sukari mbele ya macho yale. Siku hizo mama alikuwa Kambove kwa dada yangu aliyejifungua, na angerudi kwa misa ya kumkumbuka nkambo. Nilihesabu kwamba ningeirudisha ukutani kabla hajafika. Nikaishusha, nikaifunga katika kitenge, nikaondoka nayo bila kumwuliza mtu.

Pweto mafundi walikuwa wamejenga ua wao hatua chache kutoka bandarini. Nyumba tatu za mbao nyembamba, zenye uso tu, bila mgongo. Ukifungua mlango unatokea kwenye majani. Picha ya nkambo wakaiweka mezani, kwenye varanda ya nyumba ya katikati, na siku ya kwanza tulipiga naye kazi nzuri sana.

Siku ya pili mvua ikaanza alfajiri na haikukatika. Karibu na saa sita mchana ikaingia bandarini meli ndogo ya matembezi, iliyokuwa ikizungusha watu wa mjini ziwani kwa siku tatu. Walitakiwa waone ufuko na soko la samaki waliokaushwa. Ufuko ulikuwa tope, na soko limefunikwa lote kwa plastiki. Kiongozi wao akawaleta kwetu waone jinsi filamu inavyotengenezwa.

"Mwandishi, ubatembeze bageni," rafiki yangu akaniambia. "Bamekuya kuona ziwa, na ziwa yenyewe haionekane."

Nikawatembeza. Na nilifurahi, nisidanganye. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na watu wanaonifuata nyuma wakisikiliza kila neno. Niligonga kuta wasikie zilivyo tupu. Nikafungua milango wacheke. Bwana mmoja mrefu mwenye koti la mvua la kijani akachungulia sufuria za wafiwa, akakuta hazina hata ugali.

"Eh! Kilio bila bukari? Hii njo kilio ya sinema kweli!"

Akajitupa kwenye mkeka, akashika kichwa. Msichana mmoja aliyevaa miwani ya jua, mvua yote ile, akamwelekezea simu.

"Patron, lia muzuri! Lia sawa siku madame alikukimbia!"

Tukacheka wote. Kisha msichana yule akaigeuza simu kwenye picha ya nkambo, akainua miwani, akanitazama, akaitazama tena.

"Ule mama ni actrice?"

"Hapana, si mwigizaji," nikasema.

"Angalia pua. Mon Dieu, angalia pua! Ni nkambo yako!"

"Bameleta nkambo yake ku sinema!" yule bwana akapaza sauti kutoka mkekani. "Na akikuya kuomba sehemu yake ya kucheza, utamupa?"

Kicheko kikapanda. Rafiki yangu alikuwa anasikia. Mafundi walikuwa wanasikia. Nikajiona jinsi walivyoniona: mtoto aliyemtoa marehemu wake nyumbani kwa siri ili apate sifa. Uso ukanichoma. Je, ilinigharimu nini kusema ndiyo? Neno moja. Nikasema:

"Hapana, simujuwe. Ni picha tu, niliokota ku photographe."

Nilisema hivyo nikiwa nimesimama mbele yake, ananitazama.

Ndipo nikasikia mtu analia. Hakuwa anaigiza, kilio cha kuigiza nakijua. Kilikuwa kilio cha chinichini, cha mtu ambaye amelia siku nyingi. Kwenye mkeka wa mwisho, chini ya ukuta, aliketi bibi mmoja amejifunika ncha ya kitenge usoni kama wanavyofanya wafiwa. Nikadhani ni mmoja wa wanawake wa Pweto tuliowaita kujaza ua. Lakini sikiliza. Varanda zile hazikuwa na paa, sote tulikuwa tumelowa mpaka mifupa, na kitenge chake kilikuwa kikavu. Bwana wa koti la kijani aliinuka akaweka mwavuli wake pale pale alipokuwa bibi, bila hata kumwomba radhi. Bibi akasogeza magoti kidogo, akampisha.

Nikainama kumsalimu. "Jambo, mama."

"Jambo." Hakufunua uso. "Weye ni nani wake?"

Swali hilo kila mtu wa kwetu analijua. Ukiingia kilioni, wanawake wa mkekani hukuuliza wewe ni nani wa marehemu, wapate kujua wakuketishe wapi. Mtoto huketi karibu, jirani mbali kidogo. Nikajaribu kutabasamu.

"Mie ni mwandishi wa hii filamu, mama."

"Siulize kazi yako. Niko nauliza, weye ni nani wake?"

Wageni walikuwa hatua mbili nyuma yangu. Msichana wa miwani alikuwa bado ananitazama pua. Nikashusha sauti.

"Mie si mutu wake, mama. Hii yote ni mchezo tu."

Mvua ilipiga mbao. Halafu akasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lisilonitoka mpaka leo, kwamba hakuwa na hasira:

"Bon. Basi mie niko nalia bule, Majina."

Akainuka. Akaenda mpaka mezani, akafuta kioo cha picha kwa ncha ya kitenge, polepole, kama unavyomfuta mtoto uso. Kisha akafungua mlango wa nyumba ya katikati, akaingia, akaurudisha nyuma yake.

Akaingia wapi? Nyuma ya mlango ule hapakuwa na nyumba. Nilikimbia nikaufungua. Mafundi wawili walikuwa wamechuchumaa hapo hapo kizingitini, wanafunika taa kwa plastiki.

"Mama amepita wapi?"

"Mama gani? Huku hakuna mutu alipita. Funga mulango, mvua inaingia!"

Nikawauliza wageni. Wakadhani ni sehemu ya matembezi, wakanipigia makofi. Honi ya meli ikalia, wakaondoka wakikimbia na viatu mkononi, na msichana wa miwani akanipungia mkono. Niliichukua picha. Meza ilikuwa inachuruzika maji, lakini kioo kilikuwa kikavu. Nikaifunga bila kuitazama. Sikuweza.

Nilifika Lubumbashi siku mbili kabla ya mama, nikaitundika gizani, umeme ulikuwa umekatika, nikamshukuru Mungu kwa giza. Mama alirudi, akapumzika, akachukua kitambaa aifute kwa ajili ya misa. Nilikuwa jikoni.

"Mama yangu iko naangalia chini," akasema mbele ya picha.

Nilikuja, nikaona. Mikono ile ile magotini, kitambaa kile kile. Lakini kichwa kilikuwa kimeinama na macho yametazama sakafu, kama mtu aliyeaibishwa mbele za watu. Mjomba alikuja akasema ni unyevu, karatasi imejikunja. Mama hakukubali. Siku nkambo alipofariki mama alikuwa sokoni, alimkuta ameshafunikwa, na tangu hapo amekuwa akitafuta mahali pa kuuweka mzigo huo. Sasa akapata. Kila asubuhi huwasha mshumaa mbele ya picha na kuomba radhi kwa kuchelewa. Mimi niko chumba cha pili, daftari mkononi, na ninasikia kila neno.

Katika filamu, kwenye sehemu tuliyopiga siku ya kwanza, nkambo bado anatazama moja kwa moja. Nimeiona mara nyingi, peke yangu. Mama sijamwonyesha, maana ataniuliza picha yake ilifikaje Pweto.

Wiki iliyopita aliniita. "Kuya umuombe weye," akasema. "Weye ndiye majina yake, alikupenda. Umuulize anataka nini kwangu."

Nilisimama mbele ya ukuta. Najua anataka nini, na si kwa mama. Nimeshamwambia mara mia, mlango ukiwa umefungwa: wewe ni nkambo yangu, mimi ni mtu wako. Hajainua macho. Na kwa nini ainue? Sikumkana chumbani. Nilimkana mbele za watu.

Kwa hiyo naandika, jina langu juu ya ukurasa, mbele yenu nyote: yule ni nkambo yangu. Nawe unayesoma, siku watu watakapokucheka na kukuuliza wewe ni nani wa marehemu wako, jibu hapo hapo, hata uso ukikuchoma. Usingoje kama nilivyongoja. Jana jioni niliutoa ukurasa huu nimsomee mama kwanza. Akaniuliza, "Unaandika nini, mwana yangu?" Nikamwambia ni hadithi tu.