Mafurushi Yaliyobaki Niboye

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, tukichimba mtaro wa umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, hapa Kabeza, jembe likakata waya wa intaneti wa duka letu. Lingeweza kuwa jembe langu pia, kwa hiyo simtaji mtu.

Nilikuwa kijana mwenye shule ndogo, kazi yangu kuchapa hati za watu. Kompyuta ilikuwa imeharibika jana yake. Nilikuwa nimeweka upya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, ila programu ya kupanga kurasa ilikuwa bado, na bila intaneti singeweza kuishusha. Na mchana huo Claudine, binti wa jirani, alikuwa anafunga ndoa. Vitabu vyake vya misa vilikuwa havijachapwa hata kimoja.

Akaja amesukwa nusu ya kichwa.

"Padiri ananingojea, mie nakungojea wewe," akasema. "Sasa nani ananioa?"

Nikampigia Mama Divine, mwenye duka, aliyekuwa kwenye tawi letu la Niboye. Kompyuta ya kule ilikuwa na Linux ya toleo lile lile.

Hapa nieleze, kama bado nakumbuka vizuri. Linux yetu ikishusha programu, huweka mafurushi yake kwanza kwenye ghala, folda inayoitwa /var/cache/apt/archives, ndipo huyaingiza kazini. Programu ikishaingia, mafurushi yanabaki humo mpaka mtu ayafute. Na wiki ile ile nilikuwa nimemshauri Mama Divine ayafute.

"Si ulisema ni makopo matupu?" akaniuliza.

"Ulifuta, Mama?"

"Yapo yote. Nilitaka nikuulize kwanza kama kwako yapo. Wewe unasafisha nyumba bila kuuliza nani analala ndani."

Akayanakili kwenye flash, akampa dereva wa moto, pikipiki ya kukodi, aniletee. Nikayaingiza bila intaneti, programu ikafunguka. Claudine alikuwa ameenda kumaliza nywele. Vitabu nilivikimbiza kanisani vikiwa bado na joto la printa. Aliponiona mlangoni alicheka, na mie nikapumua.

Lakini niseme haki: diski ya Niboye ilikuwa imejaa kweli, na baadaye tulilisafisha lile ghala. Sikukosea kutaka nafasi. Nilikosea kudhani kwamba kisichonifaa mimi leo hakimfai mtu.

Sijui kama mtu kama mimi anafaa kushauri. Ila chukua hili, mwanangu: kabla hujafuta, iwe kwenye mashine au nyumbani, mpigie mwenzako umuulize kama anacho. Akisema anacho, futa kwa amani. Akisema hana, mpelekee kwanza.

Mungu akupe nafasi ya kutosha moyoni na kwenye diski, na siku waya wa jirani ukikatika, akukute bado una kitu cha kumtumia.