Namba Niliyokosea Kwenye Kibali cha Wekesa

Siku yangu ya kwanza kazini nilishinda nikichukua alama za vidole vyangu mwenyewe. Bosi wangu wa kwanza, ambaye sote tulimwita Mkufunzi, alikuwa askari mstaafu, Mmarekani mrefu na mpole. Alinipa wino, bamba la kioo na rundo la kadi nyeupe, akasema sitamgusa mteja mpaka kadi zangu zisomeke. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeuchafua hata mtandio.

"Unagandamiza," aliniambia. "Kidole si muhuri. Kiviringishe toka upande mmoja wa ukucha hadi wa pili, kisha kiinue."

Ofisi, ambako watu walikuja kuchukuliwa alama za vidole ili rekodi zao zikaguliwe, ilikuwa chumba kimoja Hyattsville, huku Marekani, katikati ya saluni na mahali pa kufulia nguo. Nyumbani Tanga nilikuwa karani wa masjala. Huku nilikuwa nimesafisha vyumba vya hoteli mpaka mgongo ukakataa. Sikujua kama duniani kuna kazi ya kushika mikono ya watu kutwa nzima. Niliipenda tangu wiki ile ya kwanza.

Ninyi mnaoanza leo mmekuta mashine. Mteja anaweka kidole juu ya kioo, mistari inatokea kwenye skrini, na mashine yenyewe inakwambia kama imeridhika. Sisi tulijifunza kwa macho. Mkufunzi alinionyesha kwamba mistari ya kidole huenda kwa namna tatu: kuna vitanzi, ambavyo huingia na kurudi upande ule ule, kuna mizunguko, kama maji yanayozama kwenye sinki, na kuna matao, ambayo hupanda kidogo na kushuka. Alinifundisha pia kuijua kazi ya mtu kwa vidole vyake. Wauguzi na walezi wa wazee, kwa kunawa dawa kila dakika, mistari yao hufifia. Mafundi wa vigae na saruji huja na ncha za vidole laini kama kijiko.

Mkufunzi alipostaafu, akaja Meneja, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, mwenye sauti nzito na mkono mwepesi wa kuandika. Ni yeye aliyeleta mashine. Na ni katika zama zake sheria ya vibali vya kubeba bastola ilipolegezwa, watu wakatujaa mlangoni. Zamani mtu aliyetaka kibali cha kubeba bastola chini ya nguo alilazimika kueleza sababu nzito, na wengi walikataliwa. Baada ya hapo, yeyote aliyemaliza mafunzo na asiye na doa kwenye rekodi aliweza kuomba. Walikuja wenye maduka, mapasta, wajane. Kila mmoja alihitaji kuchukuliwa alama za vidole kwetu kabla maombi yake hayajasogea.

Hapa niwaeleze jambo moja, maana kisa chote kimesimama juu yake. Kabla ya kuchukua vidole, unaingiza namba ya ofisi inayosubiri majibu. Mwalimu ana namba yake, mlezi wa wazee ana yake, na mwombaji wa kibali ana yake. Vidole vinaweza kuwa safi kabisa, lakini namba ikikosewa, majibu yanakwenda kwa watu wasioyahitaji, na wanaoyahitaji wanakaa wakisubiri.

Wekesa alikuja asubuhi moja ambayo nilikuwa na kundi la walezi wapya, wanawake kumi na moja wameletwa na kampuni yao kwa basi dogo. Alikuwa mtu wa Bungoma, amejenga mabega, anaongea polepole. Alikuwa mlinzi asiye na silaha kwenye ghala la dawa, na wikendi alipiga vigae kwa fundi mmoja wa Germantown, ambako alikaa na mke na watoto watatu.

"Mama, wamenipatia nafasi ya mlinzi wa silaha," aliniambia. "Shift ya mchana. Nimekuwa night miaka sita, watoto wananiona tu nikilala. Lakini supervisor anataka permit kwanza."

Nilimpongeza, nikachukua vidole vyake katikati ya wale walezi, nikampa risiti. Alitoka akitabasamu.

Miezi mitatu ikapita. Alipiga simu, akasema kila akifungua maombi yake mtandaoni anaambiwa bado yanashughulikiwa. Nikamwambia asubiri, wengi walikuwa wakisubiri. Wiki chache baadaye akaja mwenyewe.

"Nimeongea na mtu wa ofisi ya vibali," alisema. "Anasema file yangu iko kamili, kila kitu, isipokuwa fingerprints. Hawajaziona. Na supervisor ameniambia hawezi kungoja sana."

Nilifungua rekodi yake. Pale kwenye namba ya ofisi ilikuwepo namba ya walezi. Siku ile nilikuwa nimeiandika mara kumi na moja, na mkono ukaiandika mara ya kumi na mbili. Majibu ya Wekesa yalikuwa yamekwenda kwa watu wa kutunza wazee.

Chumba kilikuwa kimejaa, Meneja alikuwa hatua tano kutoka kwangu, nami kwa miaka yote ile nilikuwa nikisifiwa kwa kutokosea. Niliitazama mikono ya Wekesa, nikaona saruji kwenye kucha.

"Vidole vyako havikusomeka," nikamwambia. "Ni hizo kazi za vigae. Pumzisha mikono wiki mbili, upake mafuta, kisha urudi. Nitavichukua upya bila malipo."

Alivitazama vidole vyake kama vimemkosea adabu. "Sawa, Mama," akasema, akaondoka.

Nilijiambia kwamba wiki mbili si kitu, na kwamba akirudi nitaingiza namba sahihi, na yatakwisha. Lakini sikupata raha. Nikila, namwona. Nikiswali, napoteza hesabu ya rakaa.

Wiki mbili zilipotimia alirudi, akanyoosha mikono juu ya kaunta. Ilikuwa laini, inang'aa kwa mafuta.

"Angalia," alisema kwa fahari. "Sijashika saruji hata siku moja. Fundi alikasirika, akachukua mtu mwingine, lakini ni sawa. Hata vyombo mke wangu amekataa nisioshe, ati sabuni itaharibu."

Sikuweza kumshika mkono. Nilimwambia akae, nikaenda chumba cha nyuma alikokuwa Meneja, nikamweleza yote, namba na uongo. Alinisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Bon, haya," akasema. "Ule baba anajua?"

"Hajui."

"Basi atajua sasa. Utamwambia wewe, kwa kinywa chako. Mie nitasimama pale na weye. Kisha tutaandika barua."

Nikamwambia. Nilisema kosa lilikuwa langu tangu siku ya kwanza, na kwamba vidole vyake havikuwa na shida yoyote. Nikakiri kwamba nilimdanganya kwa sababu niliogopa.

"Kwa hivyo vilikuwa sawa?" akauliza.

"Vilikuwa sawa."

"Na kazi ya fundi nimeiacha bure."

"Bure, mwanangu. Nisamehe."

Akainuka, akatoka. Nilimwona kupitia dirishani ameketi ndani ya gari lake, mikono juu ya usukani, haondoki. Meneja aliniambia nisimfuate. Baada ya kama nusu saa akarudi, akanyoosha mkono wa kulia. Nilimwomba Meneja aisome namba kwa sauti nikiiandika. Mashine ilikubali vidole vyote kumi kwa mara ya kwanza.

Meneja akaandika barua mbili zinazokiri kosa ni letu: moja kwa ofisi ya vibali, nyingine kwa msimamizi wa Wekesa. Hiyo ya pili niliipeleka mwenyewe, mabasi mawili hadi kwenye ghala. Msimamizi, mama mmoja Mmarekani mwenye redio begani, aliisoma akiwa amesimama.

"Naweza kumshikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Zaidi ya hapo siwezi."

Mwezi ukaisha kibali hakijatoka. Nafasi akapewa mwingine. Kibali kikafika siku tisa baadaye. Wekesa alinitumia picha ya kibali hicho kwenye simu. Nililia nikiwa nimekaa kituo cha basi, watu wananitazama.

Kazi ya vigae aliirudia, maana nilimpigia yule fundi nikamweleza kilichotokea. Na majira ya kuchipua, ghala lile lile lilifungua lango jipya lililohitaji mlinzi wa silaha, msimamizi yule yule akamwita. Zamu ya mchana. Hayo niliyasikia kwa mkewe, siku alipokuja kuchukuliwa vidole kwa kazi ya ulezi. Nilimwuliza, kwa haya, kwa nini hakwenda ofisi iliyo karibu na kwao.

"Wekesa amesema nije kwa yule mama aliyekosea," alijibu. "Ati huyo hawezi kukosea tena."

Nilifanya kazi miaka minne zaidi, na kila namba niliisoma kwa sauti, mteja akanifuatia kwenye karatasi yake ya maombi. Wengine walichoshwa na mwendo wangu wa polepole. Mimi sikuchoka.

Sasa nimestaafu, nakaa Adelphi, magoti yanauma kidogo lakini moyo umetulia. Watu wa kwetu na wa Kenya bado wananipigia: kibali kimekwama, kazi imekwama, mtoto hawezi kuasiliwa kwa sababu majibu hayajafika. Wanadhani nitawaambia wavute subira. Ninawaambia kwanza waitafute risiti, maana namba ya ofisi imeandikwa pale. Kisha navaa miwani, nachukua kalamu, nao wananisomea ile namba, tarakimu moja baada ya nyingine.