Stroberi ya Kibaha

Jamani, mimi ni mtu wa Masasi. Nimekulia kwenye mikorosho, na stroberi niliijua kwa picha tu, kwenye kopo la yogati. Sasa ilikuwaje nikaipanda Kariakoo, juu kabisa ya ghorofa, pale tunapoanika nguo? Basi tu, wazimu ulinipanda.

Mwenye nyumba wetu ni bibi wa Kihindi, na huko juu ndiko anakoanika pilipili zake. Nilipomwomba nafasi ya ndoo sita, alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye malapa.

"Stroberi? Hapa? Kipupwe kisiishe sijaona tunda. Moja tu! Nisipoliona, ndoo zako zinashuka."

Nikakubali haraka haraka, kabla hajabadili mawazo.

Sisi watu wa Kariakoo tunanunua kwa jina la mahali. Mchele wa Kyela, machungwa ya Muheza, vitunguu vya Singida. Likishatajwa jina, mjadala umefungwa. Kwa hiyo duka la pembejeo waliponiambia miche imetoka Lushoto, sikuuliza swali la pili. Kila niliyekutana naye kwenye ngazi nilimtambia: "Ya Lushoto hiyo!"

Ikaota, weee! Majani mapana, vijitawi vinatambaa mpaka kwenye mashuka ya watu. Ua, hata la dawa. Halafu majani yakaanza kuungua pembeni. Bibi akawa anapita na sinia lake la pilipili: "Haya, mchicha unaendeleaje?" Nilitamani kulia.

Nikarudi dukani nimevimba kwa hasira. Muuzaji, mama mmoja mwenye maneno yake, akanisikiliza huku akifunga mbegu za bamia.

"Dada, aina hiyo inataka baridi ndiyo itoe maua. Wewe una baridi?"

"Nina feni."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza udongo nimeutoa wapi, na maji je? Udongo niliuchota kwenye jengo linalojengwa mtaa wa pili. Maji ni ya kisima, yale ya chumvi ambayo hata sabuni inagoma kutoa povu. Akashika kichwa.

"Umemtoa mtu milimani, ukamkalisha kwenye saruji, ukamnywesha bahari!"

Akaniagizia miche ya aina nyingine, isiyongoja baridi, iliyozoeshwa joto na mkulima wa Kibaha. Kibaha! Nani aliwahi kujitapa kwa stroberi ya Kibaha? Niliipandisha ngazi nimeifunika kanga, mtu asije akaniuliza. Safari hii nilitoboa ndoo chini, nikajaza makumbi ya nazi yaliyosagwa, samadi iliyooza na mchanga kidogo. Nikatundika chandarua kuukuu kupunguza jua la mchana, na maji yakawa ya bomba, ya kubeba kwa dumu.

Siku ua lilipofunguka nilipiga vigelegele peke yangu, majirani wakadhani nimepata mchumba. Tunda likaja, likawa jeupe, likaanza kuwa jekundu kwa haya upande mmoja. Kipupwe kilikuwa kinaaga. Nikajiambia, lilale usiku huu liive vizuri, asubuhi namwita bibi.

Asubuhi nikakuta kikonyo kitupu.

Kunguru walikuwa wamejipanga ukutani. Niliwatukana matusi ambayo sitayaandika hapa. Kisha nikanyanyua ndoo ya kwanza, maana ahadi ni ahadi, nikaanza kushuka nayo huku machozi yananitoka. Kwenye ngazi nikakutana na bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unaipeleka wapi hiyo?"

"Naishusha. Lilikuwepo, bibi, naapa! Kunguru wamelila."

"Kunguru gani?" Akajifuta mdomo kwa ncha ya sari. "Lilikuwa na uchachu kidogo. Irudishe juu. Pilipili nitaanika barazani kwangu."

Nilibaki nimeikumbatia ndoo, sijui nicheke au nimrukie shingoni.

"Na hii ni ya wapi?" akauliza.

"Ya Kibaha!" nikasema kwa sauti, ngazi nzima isikie.