Ukuta wa Tulinagwe

Huku Mwaya, mke hakutani macho na baba mkwe wake. Akimwona njiani, anachepuka migombani. Ndiyo maana Tulinagwe aliishi miaka mingi jirani na mkwewe, Mzee Anyelwisye, akimjua kwa kikohozi chake tu, na kwa ndizi ambazo mzee alimwachia kando ya njia.

Mumewe, Ezra, alihamia Bondeni kwa mwanamke mwingine. Wanaume wa namna hiyo hawaagi, hubeba godoro. Tulinagwe hakulia mbele za watu. Alipanda maua, akatengeneza njia kwa vigae vya vyungu vya Wakisi vilivyovunjika mnadani Matema, na chini ya mkakao akafinyanga kiti cha udongo kwa ajili ya mzee. Akafuma kitambaa cheupe, akakitandika.

Shoga yake Atupele alipokiona, alicheka hadi akashika kiuno. "Wee mama! Umemwelekeza mkwe jikoni kwako! Akuhesabie matonge?"

Kweli, kiti kilitazama jiko. Tulinagwe hakukibomoa. Alijenga ukuta mbele yake, udongo na vigae, ukampita kimo mtu aliyeketi. Mzee akaja, akakaa, akakohoa.

"Wewe ukuta, ndaga, asante. Mwambie aliyekujenga, mgongo wangu umekipenda kiti."

"Ukuta, mwambie baba ndizi zilikuwa tamu," akajibu Tulinagwe, sindano ya kufumia mkononi.

Ikawa desturi yao kila alasiri. Mjumbe wao hakuongeza chumvi hata siku moja.

Kisha Ezra akaja na pikipiki, asijue nani ameketi upande wa pili.

"Funga mizigo, urudi kwenu. Mwenzio anataka kujenga hapa. Hivi vigae vyako nitavifukia."

Tulinagwe aliukaza uzi hadi ukamkata kidole. Ardhi ilikuwa ya mzee, na damu ni damu.

Kikohozi kikasikika.

"Ukuta, mwambie kijana huyo, shamba bado ni langu. Mkwe wangu haondoki."

"Baba! Kumbe upo?"

"Mimi naongea na ukuta. Wewe nani?"

Ezra aliwasha pikipiki bila kuaga, kama kawaida yake. Tulinagwe aliweka sindano chini, akachochea moto.

"Ukuta," akasema mwishowe, "muulize baba kama atakula hapa leo. Kuna samaki, mbasa wa ziwani."

"Wa kuchoma au wa kuchemsha, mwanangu?" mzee akauliza, akasahau kabisa kuutaja ukuta.