Waya Mrefu wa Kichwa Kidogo

Fundi Koki alikuwa mtu wa vipimo. Miaka thelathini na moja ya kuunga mabomba ilikuwa imemfundisha kwamba bomba la nusu inchi linataka kiungo cha nusu inchi, na mwenye kubisha atakuja kukinga maji kwa ndoo. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika kitambo. Alikuwa na mikono mipana, sauti ya kusikika nyumba ya tatu, na ugonjwa mmoja wa siku nyingi: haambiliki. Hasikii la mwadhini wala la mchota maji msikitini, na mwambiaji akiwa mwanamke, ndiyo kabisa.

Ugonjwa huo ulikuja kumgharimu. Binti yake wa pekee, aliyerudi kukaa kwake akiwa na mimba ya miezi sita na nusu, alimwambia siku mbili mfululizo kwamba kiuno kinamkata.

"Mimba si ugonjwa," Fundi alimjibu huku akifunga mkoba wake wa vifaa. "Mama yako alikubeba huku anafua mashuka ya watu."

Akaenda kazini. Jirani ndiye aliyempeleka binti hospitali. Mtoto, wa kike, alizaliwa jioni ileile, akiwa mwepesi kuliko spana kubwa ya babu yake.

Fundi alipofika alisimama mbele ya sanduku la kioo ambamo mjukuu alilazwa kwenye joto, akajaribu utani. "Mke wangu, mbio zote hizi ulikuwa unanifuata mimi?" Hakuna aliyecheka. Binti yake hakumgombeza wala hakumlaumu. Alinyamaza tu, na kimya hicho Fundi hakukijulia dawa.

Siku ya sita, Jumamosi, ndipo aliposema neno.

"Usije tena na maneno, baba. Sista anataka kofia. Za dukani zote zinamteremka mpaka mabegani. Lete kofia."

Muuguzi alikuwa amemvika mtoto kipande cha bendeji, kimefungwa fundo utosini. Alimpa Fundi uzi wenye mafundo mawili, na kutoka fundo hadi fundo ndio mzunguko wa kichwa: sentimita ishirini na tano. Fundi aliutia mfuko wa shati akatoka mbio kama kijana.

Duka la nyuzi lilikuwa nyuma ya stendi, chumba kimoja chenye marobota mpaka darini. Mwenye duka, mama mfupi wa makamo, aliutazama ule uzi wa mafundo, akaelewa bila kuelezwa.

"Pole, baba. Kaa hapo kwenye stuli. Saa mbili tu, nakufumia."

"Hapana. Nifundishe. Nataka iwe kazi ya mkono wangu."

Alikuwa na sababu yake. Kofia ya kununua aliiona kama maneno mengine tu, na maneno alishakatazwa. Mama hakubishana naye. Alimfundisha kutunga vitanzi na kufuma, na ile mikono ya kukaza koki ikashika upesi kuliko walivyotarajia wote wawili. Kisha akamweleza kuhusu sindano za mviringo: sindano mbili fupi zilizoungwa kwa waya laini wa plastiki, unafuma ukizunguka, na kofia inatoka bila mshono wa kumkwaruza mtoto.

"Chukua za mianzi," mama alisema. "Za chuma zinateleza, mwanafunzi vitanzi vinamkimbia."

Hilo Fundi alilikubali, maana halikugusa vipimo. Alipitisha ukucha pale waya unapoungana na mwanzi, kutafuta ukingo wa kunasa uzi, na mama akamsifu kwamba hapo ndipo wanunuzi wengi hawaangalii. Sifa hiyo ilimvimbisha kichwa. Mama alipomtolea sindano yenye waya wa sentimita themanini, Fundi alicheka.

"Mama, ninavika mtoto au nafunga ng'ombe? Kichwa ni ishirini na tano. Nipe huo mfupi, wa arobaini."

"Huo ni wa kichwa cha mtu mzima. Vitanzi vya kichwa kidogo havifiki kuuzunguka. Huu mrefu unaukunja katikati, waya uliozidi unauvuta pembeni, unafuma nusu hii, kisha nusu ile."

"Mabomba ya hospitali ile nimefunga mimi. Kipimo nakijua."

Mama akamfungia ule mfupi.

Jumapili, mezani kwake, Fundi alitunga vitanzi hamsini kama alivyohesabiwa dukani. Havikukutana. Alivuta, akasukuma, akatukana, na bado ncha mbili za mianzi zilikaa mbalimbali kama mahasimu. Mtu mwingine angerudi dukani. Yeye aliamua vitanzi ni vichache, akaongeza mpaka vikafika tisini, vikakutana, akafurahi. Alifuma siku ile na kesho yake, kazi nzuri, vitanzi vimelingana. Jumatatu binti aliuliza, "Kofia?" Akajibu, "Inakuja." Ndani ya kioo, bendeji ilikuwa imeteremka upande mmoja.

Jumanne jioni aliifunga utosi, akaipima kwa ule uzi wa mafundo. Alirudia kuipima. Kisha, kwa kuwa hakujua afanye nini, akaivaa yeye mwenyewe. Ilimkaa barabara. Alibaki ameketi nayo kichwani, akiona aibu katika nyumba isiyo na mtu.

Jumatano mlango wa duka ulimkuta akiusubiri.

"Uliniambia," alisema.

"Nikufumie sasa?" mama aliuliza. Hakumcheka.

"Nionyeshe tu. Nimalize mwenyewe."

Hata hapo! Mama alivuta pumzi, akaukunja waya mrefu, akamwonyesha. Ulikuwa kama alivyosema: nusu hii, nusu ile, na kijibomba cha sufu kikaanza kushuka kati ya vidole. Saa saba mchana kofia ilikuwa kiganjani mwake, ndogo kama chungwa.

Wodini alimkuta binti yake kwenye benchi la ukumbini. Amempakata mtoto, nje ya kioo. Hakuwa ameruhusiwa kumpakata tangu amzae, na Fundi aliposimama mbele yao alielewa kwa nini sasa ameruhusiwa.

"Ametutoka saa sita," muuguzi alisema taratibu. "Ni mapafu, mzee. Si baridi."

Fundi alisikia. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja, na ile bendeji iliyoteremka ni kitu kingine, na aliyekuwa akiiona ni yeye.

"Siku tano, baba," binti alisema, macho kwenye kofia. "Kitu kidogo hivi, siku tano."

Angeweza kusingizia duka au kazi. Alijishusha mpaka sakafuni, magoti yakalia.

"Mwenye duka alitaka kunifumia Jumamosi ileile, nikakataa. Akaniambia nichukue waya mrefu, nikachukua mfupi, nikafuma kofia ya kichwa changu. Na wewe uliniambia kiuno kinakukata. Nyote mliniambia, mwanangu. Sikusikia."

Watu wawili walipita na beseni. Binti aliifungua shuka ya mtoto kidogo, akatoa bendeji, akaitia mfukoni mwake.

"Mvalishe."

Fundi alinyoosha mikono, akairudisha. Maisha yake yote hakuwahi kumuuliza mtu kazi inaanzia wapi.

"Naanzia wapi?"

"Shika kichwa kwanza, kwa chini. Usikaze. Anzia kisogoni, uje mbele."

Akashika kwa chini. Hakukaza. Akaanzia kisogoni, akaja mbele, kama alivyoambiwa, na kofia ikamwenea.